Tezi Dume Uzeeni: Sababu za Kukua Kwake na Matibabu Yake

Mwanamume akisha kupita umri wa miaka hamsini, yapo mabadiliko mengi ya mwili ambayo huyazungumza bila haya: mvi kichwani, macho kufifia, magoti kuuma. Liko badiliko moja, hata hivyo, ambalo huwapata wengi na kuzungumzwa na wachache. Mkojo huanza kutoka kwa shida. Mzee huamka mara tatu au nne usiku, husimama chooni kwa muda mrefu akiungojea, na ukitoka huwa mwembamba na wa kukatika-katika. Kwa kuwa jambo hili linahusu sehemu za siri, wengine hulihesabu kuwa ni desturi ya uzee, wengine ni adhabu ya mwenendo wa ujanani, na wengine ni kazi ya mchawi, wote hunyamaza.

Sayansi yasema vingine. Sababu kubwa ya shida hiyo ni kukua kwa tezi dume, ukuaji usio wa saratani, ambao chanzo chake kinajulikana kwa kiasi kikubwa na ambao hutibika. Tezi iliyokua hivyo haiui kwa yenyewe. Kinachoweza kumdhuru mzee, hata kumwua, ni mkojo uliozuiliwa ukarudisha msukumo wake nyuma hadi kwenye figo. Kwa hiyo hatari haimo katika tezi tu. Imo pia katika kimya.

TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume ni kiungo cha wanaume pekee. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa kijana aliyekwisha balehe, ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo na uzito wake ni gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii, ambayo huzibeba na kuzihifadhi mbegu za uzazi.

Mrija wa kutolea mkojo, utokao kibofuni, hupita katikati ya tezi hiyo kama uzi upitavyo katika ushanga. Hapo ndipo penye asili ya taabu yote. Tezi ya shingo ikikua na kuwa rovu, huweza kutanuka kwa nje na kuonekana na kila mtu. Tezi dume ikikua, huubana uzi uliomo ndani yake, na hapana aonaye.

Mtaalamu wa Marekani, John McNeal, ambaye tangu miaka ya 1960 alizikata na kuzichunguza tezi nyingi, alionyesha kwamba tezi dume si kitu kimoja bali ina sehemu mbalimbali. Sehemu ndogo inayouzunguka mrija, iitwayo sehemu ya mpito, kwa kijana ni kama asilimia 5 tu ya tezi yote. Ni hiyo hasa ambayo hukua uzeeni. Sehemu ya pembeni, iliyo nyuma na kubwa zaidi, ndiyo ambamo saratani nyingi za tezi dume huanzia. Basi ukuaji wa kawaida na saratani ni maradhi mawili yenye makao mawili. La kwanza haligeuki kuwa la pili, ingawa mtu mmoja aweza kupatwa na yote mawili.

KWA NINI TEZI HUKUA?

Tezi za wanaume waliokufa kwa sababu nyingine zilipochunguzwa kwa hadubini, dalili za ukuaji huu zilionekana kwa karibu nusu ya waliokuwa na umri wa miaka 51 hadi 60, na kwa zaidi ya 8 katika kila 10 waliopita miaka 80. Si wote miongoni mwao waliosumbuliwa na mkojo. Hata hivyo, hesabu hizo zaonyesha kwamba jambo hili ni la wanaume kwa jumla, wala si la mtu aliyekosea.

Masharti mawili lazima yawepo: umri mkubwa na korodani zinazofanya kazi. Sharti la pili lilianza kutambulikana zamani. Katika karne ya 18 John Hunter, daktari wa upasuaji huko London, aliona kwamba tezi dume ya mnyama aliyehasiwa hubaki ndogo, na kwamba ile ya fuko husinyaa wakati wa baridi na kukua tena majira ya kuzaana yafikapo. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wengine, akiwamo J. William White wa Philadelphia, walijaribu kuwatibu wazee kwa kuwahasi. Tezi za wengi zilipungua, lakini tiba yenyewe ilikuwa ya kutisha, nayo iliachwa upasuaji bora ulipopatikana. Ilibaki kujulikana ni kitu gani hasa kitokacho korodani ambacho huikuza tezi.

Jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watu 24 wa jamaa 13 katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, kwenye visiwa vya Karibi. Watoto hao walizaliwa na maumbile yaliyofanana na ya kike, na wengi walilelewa kama wasichana. Walipofikia umri wa kubalehe, sauti zilikuwa nzito, misuli ikajengeka, na maumbile ya kiume yakajitokeza. Damu yao ilikuwa na homoni ya kiume, testosteroni, kwa kiasi cha kawaida. Walichopungukiwa ni kimeng'enya kimoja kinachoibadili testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihaidrotestosteroni, ambayo kwa ufupi huitwa DHT. Hata walipokuwa watu wazima, ndevu zao zilikuwa haba na tezi dume zao zilibaki ndogo.

Maumbile yenyewe, basi, yalikuwa yamefanya jaribio ambalo hapana mwanasayansi angethubutu kulifanya. Ilidhihirika kwamba testosteroni yatosha kujenga misuli na sauti, bali ujenzi wa tezi dume wahitaji DHT. Ndani ya tezi ya mzee kimeng'enya hicho huendelea kufanya kazi, hata testosteroni inapopungua katika damu. Seli mpya huzaliwa, za zamani hukawia kufa, na mwaka hata mwaka tezi huongezeka. Wingi au uchache wa tendo la ndoa hauna hatia katika jambo hili.

MRIJA UKIBANWA

Katika miaka ya 1840 Jean Poiseuille, tabibu na mwanafizikia wa Ufaransa, alichapisha kanuni ya mwendo wa majimaji katika mirija myembamba. Kwa msukumo ule ule na urefu ule ule wa mrija, kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde hulingana na kipeo cha nne cha nusukipenyo. Maana yake, nusukipenyo kikipunguzwa kuwa nusu, maji hayapungui kuwa nusu. Hugawanywa kwa 2 × 2 × 2 × 2, yaani kwa 16.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hilo darasani. Achukue chupa mbili za plastiki zilizo sawa, atoboe kila moja karibu na kitako, na kuingiza katika tundu la kwanza mrija mpana na katika la pili mrija mwembamba, yote miwili ya urefu mmoja. Nafasi zinazovuja zizibwe kwa nta. Chupa zijazwe maji hadi alama moja, na wanafunzi wapime kwa saa muda wa kila chupa kutoa nusu lita. Tofauti haitalingana kabisa na kanuni, kwa kuwa maji yaendayo kwa kasi katika mrija mfupi hayatulii kama kanuni inavyotaka; lakini wataona kwamba upana mdogo uliopotea huleta hasara kubwa. Mrija wa mkojo nao si bomba gumu, hivyo kanuni hiyo haiwezi kutumiwa kwake kwa hesabu kamili. Inatosha kutufahamisha kwa nini ukuaji wa taratibu huweza kuleta shida kubwa.

Kubanwa huko kuna namna mbili, na ni muhimu kuzitenganisha kwa kuwa matibabu huzifuata. Ya kwanza ni wingi wa nyama: tezi imekua, nayo yakandamiza mrija. Ya pili ni kukaza kwa misuli: ndani ya tezi na kwenye shingo ya kibofu imo misuli laini isiyotii hiari ya mtu, ambayo hukazwa na neva. Ndiyo maana mwenye tezi kubwa aweza kukojoa vizuri, na mwenye tezi ndogo akataabika.

KIBOFU HUFANYAJE?

Kibofu ni mfuko wa misuli uwezao kubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500 za mkojo. Njia inapobanwa, misuli hiyo husukuma kwa nguvu zaidi, nayo huwa minene kama mikono ya mchukuzi wa mizigo. Kwa muda fulani mzee haoni tofauti. Lakini kibofu kilichonenepa huwa chepesi kushtuka: hudai kutolewa mkojo kabla hakijajaa, mchana na usiku, na wakati mwingine kwa ghafla hata mtu asiwahi kufika chooni.

Baadaye misuli huchoka. Mkojo hautoki wote, na kila mara baki huachwa ndani. Baki hilo ni kama maji ya dimbwi: vijidudu huzaliana humo, na chumvichumvi hugandamana kuwa mawe. Msukumo huweza kurudi nyuma kupitia mirija iletayo mkojo kutoka figoni, mirija ikatanuka, na figo zikaanza kushindwa kuisafisha damu. Hali hiyo huweza kuja bila maumivu. Mzee anayevujwa na mkojo kidogo kidogo, hasa usingizini, hudhaniwa kuwa kibofu chake hakishiki. Kumbe kimejaa pomoni, na kinachotoka ni kile kinachofurika.

Aidha, njia huweza kuziba ghafla. Mkojo hukataa kutoka kabisa, tumbo la chini huvimba, na maumivu huwa makali. Mambo yanayochochea ni pamoja na pombe, kufunga choo, kuuzuia mkojo kwa safari ndefu, na baadhi ya dawa za mafua na za mzio, ambazo huikaza misuli ya shingo ya kibofu au kuilegeza ile ya kusukuma. Hilo ni jambo la kupelekwa hospitali saa ile ile. Dawa ya kwanza ni mpira wa mkojo. Aina inayotumika sana, yenye kiputo kidogo kinachojazwa maji ili usichomoke, ina jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeibuni katika miaka ya 1930. Katika hospitali za Afrika Mashariki wazee wengi huonwa kwa mara ya kwanza wakiwa katika hali hiyo, baada ya kuvumilia dalili kwa miaka.

UCHUNGUZI

Daktari huanza kwa maswali. Tangu mwaka 1992 yametumika maswali saba yaliyopangwa: mara ngapi mkojo humjia, hukatika, humharakisha, huwa mwembamba, humlazimu kukamua, huacha hisia ya baki, na humwamsha usiku. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 5. Jumla ya 7 au chini ni shida ndogo, 8 hadi 19 ni ya kadiri, na 20 hadi 35 ni kubwa.

Kisha huipima tezi kwa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hicho, ambacho wazee wengi hukihofia, huchukua nusu dakika tu, nacho hugusa ile sehemu ya nyuma ambayo saratani hupenda. Tezi iliyokua kwa kawaida ni laini na sawa. Yenye saratani huweza kuwa ngumu au yenye vinundu. Mkojo hupimwa kama una vijidudu, damu au sukari, kwa kuwa kisukari nacho huzidisha kukojoa. Damu hupimwa ili kujua hali ya figo. Mashine ya altrasaundi huonyesha mkojo uliobaki baada ya kukojoa. Mahali penye kipimo cha mwendo wa mkojo, mililita 15 na zaidi kwa sekunde huhesabiwa kuwa njema, na chini ya 10 huashiria kizuizi au udhaifu wa kibofu.

Kipo pia kipimo cha damu kiitwacho PSA, cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Protini hiyo huongezeka kwa saratani, lakini huongezeka pia kwa ukuaji wa kawaida na kwa uambukizo. PSA iliyopanda ni sababu ya kuchunguza zaidi, si hukumu.

MATIBABU

Mwenye shida ndogo huenda asihitaji dawa. Hupunguza chai, kahawa na vinywaji jioni, huacha pombe, hukojoa kabla ya kulala, na hurudi kupimwa mara kwa mara. Hii si kupuuza. Ni kungoja kwa macho yaliyo wazi.

Dawa ni za aina mbili, kwa namna zile mbili za kubanwa. Aina ya kwanza hulegeza misuli. Mwaka 1975 Marco Caine na wenzake wa Jerusalem walionyesha kwamba misuli ya tezi dume ina vipokezi vya neva vya aina ya alfa. Dawa zinazovizuia vipokezi hivyo, kama vile tamsulosini na doksazosini, humpa mgonjwa nafuu kwa siku au majuma machache. Haziipunguzi tezi. Kwa kuwa misuli ya mishipa ya damu nayo huweza kulegea, mzee anayezitumia ainuke kitini polepole asije akapata kizunguzungu na kuanguka.

Aina ya pili hutokana na somo la Salinas. Finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, hukizuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Tezi husinyaa kwa kiasi cha sehemu moja katika nne au tano, lakini mgonjwa hana budi kusubiri miezi sita au zaidi. Wengine hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Dawa hii huishusha PSA kufikia karibu nusu, hivyo daktari anayepima apaswa kuambiwa. Tena mwanamke mjamzito asiguse vidonge vyake vilivyovunjika, maana mtoto wa kiume aliye tumboni huihitaji DHT ili aumbike. Sababu ni ile ile iliyowapata watoto wa Salinas.

Katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2003, wanaume 3,047 walifuatwa kwa zaidi ya miaka minne. Waliopewa doksazosini na finasteridi pamoja walipunguziwa hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66, ambapo kila dawa peke yake iliipunguza kwa zaidi kidogo ya theluthi.

Afrika nayo imechangia. Gome la mti wa milimani uitwao kitaalamu Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri, limetumiwa tangu zamani katika tiba za kienyeji, na tangu miaka ya 1960 limesafirishwa Ulaya kutengenezewa dawa za tezi dume. Wataalamu waliojumlisha majaribio 18 mwaka 2002 waliona nafuu ya kiasi, ila majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Wakati huo huo mti wenyewe uliingia hatarini kwa kubanduliwa magome ovyo, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba. Aliyezibika mkojo au ambaye figo zake zimeathirika asitegemee gome.

UPASUAJI

Dawa zisipotosha, au mkojo ukiziba tena na tena, au yakizuka mawe, damu isiyokoma au madhara ya figo, upasuaji huhitajika. Mwaka 1900 Peter Freyer, aliyewahi kuwa daktari India kwa miaka mingi, alianza huko London kuiondoa nyama iliyokua kwa kupitia tumboni na kibofuni. Mwaka 1945 Terence Millin alieleza njia ya kuifikia tezi bila kukipasua kibofu. Katika njia zote mbili hutolewa ile nyama ya ndani tu, kama mtu atoavyo nyama ya chungwa na kuliacha ganda.

Njia iliyoenea zaidi haimchani mgonjwa hata kidogo. Chombo chembamba chenye taa hupitishwa katika mrija wa mkojo, na kitanzi cha waya chenye umeme huikwangua nyama vipande vipande huku majimaji yakiosha damu. Hapa pana somo kwa wanafunzi wa fizikia na kemia. Maji yenye chumvi hupitisha umeme, hivyo hayawezi kutumika na kitanzi cha zamani, kwani umeme ungetawanyika. Maji matupu nayo, yakiingia kwenye damu, huzipasua chembe nyekundu kwa osmosisi. Ilibidi yatumike majimaji yasiyo na chumvi yenye glisini. Nayo yakiingia mwilini kwa wingi, huipunguza mno chumvi ya damu na kumhatarisha mgonjwa. Vyombo vipya, ambavyo umeme wake huenda na kurudi kwenye ncha ile ile, huwezesha maji ya chumvi kutumika, na hatari hiyo imepungua sana. Palipo na uwezo, mwali wa leza pia hutumika.

Wengi huuogopa upasuaji wakidhani kwamba hukomesha uanaume. Kwa kawaida nguvu za kiume hubaki kama zilivyokuwa. Kinachobadilika kwa wengi ni kwamba manii huingia kibofuni badala ya kutoka nje, kisha huondoka pamoja na mkojo. Hilo halina madhara kwa afya, ingawa huzuia uzazi. Na kwa kuwa ganda la tezi limebaki, vipimo vya saratani haviachwi.

WAJIBU WA VIJANA

Mwanafunzi asomaye haya hatakuwa mgonjwa wa maradhi haya kwa miaka mingi ijayo. Lakini huenda yuko nyumbani kwake babu anayeamka usiku mara nne, au baba mdogo anayekataa safari za basi bila kusema kwa nini. Heshima haimruhusu kijana kumhoji mzee juu ya mambo ya siri, ila inamruhusu kumfikishia habari kupitia mtu wa rika lake: kwamba shida hiyo inajulikana, si aibu wala laana, si lazima iwe saratani, na kwamba hospitali ya wilaya ndiyo mahali pa kuanzia. Mkojo wenye damu, homa pamoja na uchungu wa kukojoa, kuvujwa na mkojo usingizini, au kushindwa kabisa kukojoa, hayo hayangoji kesho. Figo iliyokwisha kuharibika huenda isirudi. Mrija uliobanwa waweza kufunguliwa.